Boti kama mali ya uhamisho: maana yake

Mali ya uhamisho ni vitu ambavyo mtu anayehamisha makazi yake hadi nchi nyingine huruhusiwa kuingia navyo bila ushuru wa forodha, kwa kuwa alikuwa akivitumia mwenyewe na hakuvileta kuuza. Vitanda, sufuria na friji havina ubishi. Boti ndiyo huleta maneno.

Umoja wa Ulaya umelimaliza suala hilo kwa maandishi: kanuni yake namba 1186 ya mwaka 2009 inataja boti za starehe kuwa mali binafsi, pamoja na baiskeli, pikipiki na gari. Basi mtu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Kongo, anayehamia Ubelgiji anaweza kwenda na boti yake ya kutembelea ziwani, mradi ameishi nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo, na boti imekuwa mkononi mwake, ikitumika, kwa miezi 6 angalau. Kwa kawaida aiingize ndani ya miezi 12 tangu aanze makazi mapya. Halafu kuna sharti lenye meno: kabla ya kupita miezi 12 tangu aiingize, akiiuza, akiikodisha au hata akiiazimisha bila kuwaarifu wa forodha kwanza, atadaiwa ushuru.

Boti inayobeba abiria wa Goma na Bukavu kwa nauli haimo humo. Hicho ni chombo cha biashara, hata kama mwenyewe hupanda na familia kila Jumapili.

Wengine huchanganya jambo hili na uingizaji wa muda. Huo ni wa mgeni: boti inabaki ya kigeni na lazima itoke; kwa Ulaya, ndani ya miezi 18. Aliyekuja kukaa asiutegemee.

Kwenye Ziwa Kivu mpaka wa Kongo na Rwanda hauonekani, lakini upo. Boti iliyotoka Rubavu, upande wa Rwanda, ikielea imeingia Kongo sawa na iliyopandishwa lori, na mamlaka ya forodha ya Kongo ni DGDA. Anayehamia Bujumbura au Kigoma, kwake lori ni lazima: mto Ruzizi, unaotoka Kivu, unashuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, una maporomoko na mabwawa ya umeme.

Cha kubeba ni hati ya ununuzi yenye jina lako, namba ya boti na ya injini, na, ikiwa ilisajiliwa, cheti cha kuifuta kwenye daftari la zamani, maana chombo hakipeperushi bendera za nchi mbili.