Kabla ya kuzilaumu figo

Wagonjwa wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Moshi huweka mkono nyuma, juu kidogo ya tako, na kusema: "Dokta, figo zinanisumbua." Figo ziko juu zaidi, usawa wa mbavu za mwisho. Pale mkono ulipo ni kiungo kati ya sakramu na mfupa wa nyonga.

Sakramu ni mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa uti wa mgongo, juu ya kitokono. Utotoni ni pingili 5 zilizoachana. Huanza kuungana ujanani hadi zikawa mfupa mmoja. Umechomekwa kama kabari kati ya mifupa miwili ya nyonga, na uzito wote wa kichwa, mikono na kiwiliwili hupitia hapo kabla ya kufika miguuni. Uzito huo huisukuma sehemu yake ya juu chini na mbele. Kinachoizuia ni ligamenti, kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zilizo imara kuliko zote zimejificha nyuma ya kiungo chenyewe, na mzigo ukizidi ndivyo zinavyokaza. Nyingine mbili hutoka ubavuni mwa sakramu: ndefu hushuka hadi kwenye mfupa tunaoukalia, fupi hushika mwiba wa mfupa wa nyonga. Hizo huzuia ncha ya chini isiinuke kwa nyuma.

Ndiyo maana kiungo hiki hucheza digrii chache tu. Wakati wa ujauzito ligamenti hulegea, na mama anayeshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani huanza kusikia maumivu ya upande mmoja akigeuka kitandani au akipanda daladala. Ageuke magoti yakiwa pamoja, avae nguo ameketi, mzigo augawe mara mbili. Mkanda wa nyonga husaidia baadhi yao, ila hufungwa chini, kuzunguka nyonga. Mkaja unaobana tumbo haushiki kiungo hiki, hata kama bibi zetu wanausifu.

Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kinakutoka bila kujua, au miguu inaishiwa nguvu, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Liko jambo jingine ambalo huku kaskazini, kwenye mifugo mingi, hatupaswi kulisahau: brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Huambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kumhudumia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba, na hupenda kushambulia kiungo hiki hiki. Maumivu yakija na homa za kupanda na kushuka na jasho la usiku, mazoezi na kuchuliwa havitaponya; unahitaji vipimo, kisha antibiotiki kwa wiki kadhaa. Mwambie daktari kwamba unafuga, au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, hata asipokuuliza.