HackRF na PortaPack mkononi: kabla hujaiamini hiyo gigahezi 6

Ukinunua HackRF One (redio inayoendeshwa na programu, ya kupokea na kurusha) iliyovikwa PortaPack, yaani skrini na vitufe vya kuitumia bila kompyuta, maandishi ya kwenye boksi yanakuahidi megahezi 1 hadi gigahezi 6, na upana wa megahezi 20 kwa mpigo mmoja. Ni kweli. Ila simama nayo katikati ya Kisumu ukitafuta marubani wanaoongea na mnara wa uwanja wa ndege, uone stesheni za FM zinavyojitokeza mahali zisipostahili kuwa. Kifaa hakijaharibika. Kimezidiwa, na ukijua mawimbi yanapitia wapi ndani yake, utajua pia pa kukipunguzia mzigo.

Mawimbi yanaingia kwenye antena, yanapita amplifaya ndogo inayowashwa au kuzimwa (kwenye skrini ni AMP, huongeza nguvu kwa takriban desibeli 11), kisha yanafika kwenye chipu ya RFFC5072. Hiyo huyahamisha hadi eneo la gigahezi 2.3 hadi 2.7, kwa sababu chipu inayofuata, MAX2837, hufanya kazi huko tu. Mwisho MAX5864 inayageuza kuwa namba za biti 8. Kati ya antena na RFFC5072 hakuna kichujio cha kuchagua bendi. Kuna vichujio viwili vipana mno: kimoja hupitisha kila kitu kilicho chini ya gigahezi 2 na kidogo, kingine kilicho juu yake. Maana yake ni kwamba ukisikiliza megahezi 120, FM yote ya mji, televisheni ya dijitali na minara ya simu ya megahezi 900 zinaingia mlangoni pamoja na rubani wako.

Kwa hiyo kuzidiwa kuna sura mbili. Wimbi kubwa lililo nje ya dirisha ulilofungua, yaani upana wa masafa unaousikiliza, hulemea mlango wa mbele na kuzaa mizuka: mawimbi ya uongo ambayo hewani hayapo. Wimbi kubwa lililo ndani ya dirisha hula zile biti 8: kila biti ni desibeli 6 hivi, jumla kama 48, na chochote kilicho chini ya hapo kinazama kwenye kelele.

Namna ya kutambua mzuka ni rahisi, na inafaa kuijua kabla ya kitu kingine chochote. Funga kipunguza nguvu cha desibeli 10 kwenye mdomo wa antena. Wimbi la kweli litashuka kwa 10. Mzuka uliozaliwa na mawimbi mawili makubwa kukorogana mara nyingi hushuka kwa karibu 30, yaani unatoweka. Ukikosa kipunguza nguvu, fupisha antena ya kuvuta. Si kipimo sahihi, lakini inatosha kukuonyesha.

Mimi huanza hivi: AMP 0, LNA 16, VGA 16. LNA na VGA ni hatua mbili zaidi za kukuza wimbi, zinazofuata baada ya AMP. LNA hupanda kwa hatua za desibeli 8 hadi 40, VGA kwa hatua za 2 hadi 62. Pandisha LNA kwanza, hatua moja moja, na uishie pale ambapo kelele ya chini inapanda bila wimbi unalolitaka kupanda nayo. Halafu VGA. AMP iwe ya mwisho, na mjini iache kabisa. Kama unakusudia bendi ya ndege, nunua kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108. Hakuna pesa nyingine utakayotumia kwenye kifaa hiki itakayokupa faida kama hiyo.

AMP ndiyo sehemu inayokufa zaidi. Kiwango cha juu cha kuingiza kwenye antena ni -5 dBm, chini ya nusu ya miliwati. Redio ya mkononi ya wati 5 inayorusha karibu na antena yako inaweza kuipita kwa mbali. Umeme tuli pia unaweza kuiua, na huku kwetu, Kakamega hadi Kericho, ngurumo za alasiri si jambo la kubahatisha: ukiona wingu jeusi, chomoa antena ya nje, usingoje mvua. Ukitaka kujua kama AMP bado hai, tafuta stesheni hafifu, iwashe na kuizima. Ikiwashwa na wimbi likabaki palepale au likashuka, imekwisha. Chipu yenyewe, MGA-81563, hubadilishwa na fundi mwenye hewa moto na mkono mtulivu.

Urefu wa antena: gawa 75 kwa megahezi, upate mita. Bendi ya ndege, megahezi 128, ni sentimita 59. AIS, ambayo vyombo vya majini hutumia kutangaza mahali vilipo, megahezi 162, ni 46. ADS-B, ambayo ndege hutumia kutangaza mahali zilipo, ya megahezi 1090, inataka karibu 7, lakini antena ya kuvuta aina ya ANT500 ikifungwa yote hubaki 20, ambayo ni karibu robo tatu ya wimbi, nayo inafanya kazi. Ukiwa ufuoni Dunga au Hippo Point utaona ndege kwenye ramani vizuri, kwa sababu upande wa ziwa hakuna kinachoziba. AIS usiitarajie makubwa: mashua isiyo na kisambazaji chake haitaonekana hata ikiwa mita 50 kutoka kwako.

Sasa programu dhibiti, yaani ile inayoendesha kifaa chenyewe. HackRF ina kidhibiti cha LPC4320 chenye viini viwili, kimoja kikichakata mawimbi na kingine kikiendesha skrini na vitufe, huku nafasi ya kuhifadhi programu ikiwa megabaiti 1 tu. Ndiyo maana Mayhem, programu dhibiti ninayoipendekeza, imehamishia sehemu ya kazi zake kwenye kadi ya kumbukumbu. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanaboresha programu dhibiti na kuacha kadi ya zamani, kisha wanashangaa baadhi ya alama zimetoweka kwenye menyu. Toleo la kadi na la kifaa lazima lilingane.

Utaratibu: pakua faili mbili za toleo moja, ya programu dhibiti na ya kadi. Fomati kadi kwa FAT32, nakili vilivyomo vyote. Unganisha kwa waya unaobeba data (waya nyingi za kuchajia simu hazibebi), weka kifaa kwenye hali ya HackRF (inayokiachia kompyuta ikiendeshe), kisha kwenye kompyuta toa amri ya hackrf_spiflash -w na jina la faili. Usichomoe hadi amri imalize. Waya ukichomoka katikati na skrini ikabaki nyeusi, usiogope: shikilia kitufe cha DFU, bonyeza RESET na kuiachia, kisha achia DFU. Hali hiyo ya DFU, ya kuokolea kifaa, imo ndani ya chipu yenyewe na haifutiki. Kutoka hapo unapakia programu ya muda kwenye RAM na kuandika upya.

Kurekodi nako kuna mpaka wake. Sampuli laki 5 kwa sekunde katika muundo wa C16 (baiti 4 kwa kila sampuli) ni megabaiti 2 kila sekunde, yaani 120 kwa dakika. C8 ni nusu yake. Ukipanua zaidi, kadi ya bei rahisi inashindwa na skrini inakuonyesha asilimia ya sampuli zilizopotea. Rekodi yenye sampuli zilizopotea haifai kuchambuliwa. Punguza upana, au unganisha kompyuta. Na usiweke masafa unayoyataka katikati kabisa, kwa kuwa pale pana mwiba wa kudumu unaotokana na jinsi redio hii ilivyoundwa. Sogea pembeni kidogo.

Kristali ya kawaida inayokipa kifaa mapigo ya saa inaweza kukosea kwa sehemu 20 kwa milioni: kwenye megahezi 433.92 hiyo ni karibu kilohezi 9, ya kutosha kukukosesha chaneli nyembamba. Kipande cha kuongeza cha TCXO (kristali isiyoyumbishwa na joto) cha sehemu 0.5 kwa milioni kinapunguza kosa hilo hadi hezi 217.

Kuhusu kurusha: kifaa kinaweza, tena hadi dBm 15 kwenye baadhi ya bendi, lakini hakina kichujio cha kusafisha mawimbi ya pembeni, na Kenya unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Menyu ina vitu vya kuziba na kurudia mawimbi ya wengine, usiviguse. Kwa majaribio mezani tumia waya, si antena, na desibeli 40 za kupunguza nguvu kati ya kifaa kinachorusha na kinachopokea.