Ugonjwa fiche wa moyo wa rumatiki: umejificha wapi?

Kila yanapotangazwa matokeo ya uchunguzi wa moyo kwa wanafunzi, vichwa vya habari huwa ni vilevile: watoto kadhaa kati ya kila 1,000 "wagundulika na ugonjwa hatari wa moyo". Ukiendelea kusoma unakuta umeitwa ugonjwa fiche, kana kwamba watoto hao wametegewa bomu kifuani. Wapo pia wa upande wa pili, wanaosoma neno hilohilo na kusema: kama umejificha, basi hauna neno. Wote wamekosea, ingawa wa kwanza ndio wanaonichosha zaidi.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoki wa kundi A. Asipotibiwa, baadhi ya watoto kinga ya mwili wao, baada ya kupambana na bakteria, inageuka na kushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, ubongo, moyo. Hiyo ni homa ya rumatiki. Ikijirudiarudia inaacha makovu kwenye valvu za moyo, yaani vilango vinavyoiruhusu damu kwenda mbele tu, na valvu zilizoharibika hivyo ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Unaitwa fiche pale mabadiliko hayo ya valvu yanapoonekana kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwa mtu asiye na dalili yoyote na asiyewahi kujulikana kuwa aliugua homa ya rumatiki.

Basi. Sasa kwenye kiini cha ugomvi.

Ugonjwa huu umejificha kwa nani? Zaidi ya yote, kwa stetoskopu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Kambodia na Msumbiji. Madaktari walipowapima kwa kusikiliza kifua ndipo wapelekwe kuthibitishwa, walipata watoto takriban 2 kati ya kila 1,000 katika nchi zote mbili. Watoto walewale walipopimwa wote kwa eko, idadi ikawa 21.5 Kambodia na 30.4 Msumbiji. Maradhi hayakupanda mara kumi kati ya kipimo kimoja na kingine. Kilichobadilika ni chombo. Ndiyo maana kulinganisha takwimu za zamani za stetoskopu na za leo za eko, kisha kutangaza kwamba ugonjwa "umelipuka", ni kupotosha watu.

Na eko nayo inaona nini hasa? Mpimaji anatazama damu ikipita kwenye valvu, ikiwa imepakwa rangi kwenye skrini. Inayorudi nyuma badala ya kwenda mbele inaonekana kama ulimi wa rangi, na ulimi huo unapimwa urefu. Kwa valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya mwaka 2012 vilitaka ufike angalau sentimita 2, uonekane kwa pembe mbili, pamoja na masharti mengine ya kasi na muda. Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu hata mioyo mizima huvuja kidogo. Vigezo hivyo viliweka kundi la "dhahiri" na, kwa walio na umri wa hadi miaka 20, kundi la "huenda". Vya mwaka 2023 vimekuja na hatua A hadi D, ambapo A ni mabadiliko madogo kabisa. Mtoto wa hatua A na mgonjwa wa hatua D, ambaye tayari ana matatizo kama moyo kushindwa kazi, hawawezi kuwekwa kwenye sentensi moja kana kwamba ni ndugu pacha.

Lakini ndivyo inavyofanyika. Utafiti uitwao REMEDY uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa Afrika, India na Yemen, wenye umri wa kati wa miaka 28, na karibu asilimia 17 walifariki ndani ya miaka 2. Hao walikuwa wamefika hospitali wakiumwa. Kuchukua asilimia hiyo na kuibandika kwa watoto waliokutwa darasani wakiwa wazima ni kuwaua kwa kalamu. (Na tafadhali, "kiwango cha maambukizi ya ugonjwa wa moyo" hakipo. Anayeambukiza ni bakteria wa kooni. Valvu yenye kovu haimwambukizi mtu.)

Utafiti unaonyoosha mambo ni wa Uganda, uliochapishwa mwishoni mwa 2021 kwa jina la GOAL. Watoto 102,200 walipimwa kwa eko ya awali, na 3,327 wakadhaniwa kuwa na ugonjwa fiche. Eko ya uthibitisho ilipofanyika, waliothibitishwa na kukidhi masharti ya kuingia kwenye utafiti walikuwa 926 tu. Wangapi kati ya wale 3,327 wangekuwa wameshatangazwa wagonjwa na gazeti?

Watoto 818 wakagawanywa kwa kura. Nusu walichomwa sindano ya benzathini penisilini, dawa inayozuia bakteria wa kooni wasirudi, kila baada ya wiki 4, kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa. Ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 waliopata sindano, yaani asilimia 0.8, na kwa 33 wasiopata, asilimia 8.2. Hapo ndipo wale wa "hauna neno" wanapojibiwa. Ila katika makundi yote mawili, karibu nusu ya watoto valvu zao zilionekana nafuu kuliko mwanzo, na hapo wa bomu nao wana jibu lao.

Kwa hiyo anayeandika habari hizi angeandika "watoto walioonekana na mabadiliko ya valvu kwenye kipimo cha eko", kisha aongeze kama ni eko ya awali au ya uthibitisho. Sentensi itarefuka kidogo na mhariri huenda akanung'unika, lakini mzazi atakayeisoma ataelewa kwamba kinachofuata kwa mwanawe ni kipimo cha pili, pengine na sindano za kila mwezi, wala si kupasuliwa kifua.