Chupa Haizai: Utalii na Visiwa vya Volkeno

Kila ninapowafundisha waongoza watalii wapya hapa Tanga, tukifika kwenye somo la visiwa vya volkeno, hutokea mmoja akaeleza kwa kujiamini kwamba utalii endelevu ni kupokea wageni wachache wasiotupa chupa za plastiki. Wenzake wote huafiki. Chupa ni uchafu na iokotwe, hilo halina ubishi. Lakini chupa haizai, ilhali kiumbe wa kigeni akiingizwa kisiwani huzaa na kuenea.

Kisiwa cha volkeno kwa kawaida huibuka kutoka sakafu ya bahari bila kuwahi kuungana na bara. Hapo ndipo kinapotofautiana na Unguja, iliyokuwa sehemu ya bara zama ambazo maji ya bahari yalikuwa yamepungua, na ndiyo maana ilikuwa na chui. Viumbe wa Ngazidja, Hawaii au Galápagos (visiwa vya nchi ya Ekuador katika Bahari ya Pasifiki) walifika kwa kuruka, kuelea au kupeperushwa, na wengi hawakufika kabisa: Galápagos haikuwa na chura wa asili hata mmoja, na katika Komoro mamalia wa asili wa nchi kavu ni popo tu. Waliofika waliishi vizazi na vizazi bila kumjua paka wala mbuzi, kwa hiyo hawana namna ya kujikinga nao.

Sisi wa Tanga tusingehitaji maelezo marefu. Kunguru anayetupora samaki sokoni ni wa ukoo ulioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ule taka, ukaona taka hazitoshi, ukahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika kilichotoroka katika bustani ya mimea ya Amani na kuingia misitu ya Usambara Mashariki, ndicho hichohicho kinachoisumbua Hawaii.

Kinachonikera hasa ni watu kuhesabu wageni wakasahau shehena. Sehemu kubwa ya Galápagos ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1959, na masharti yake ni makali: mgeni hufuatana na mwongozaji mwenye kibali, hupita kwenye njia iliyowekewa alama, na mizigo yake hukaguliwa kabla ya safari. Masharti hayo ni mazuri na ninayafundisha. Lakini mgeni huyo anahitaji kitanda, mpishi, nahodha na fundi wa majokofu. Watu hao wakahamia kutoka bara la Ekuador pamoja na familia zao, hata wakazi, waliokuwa elfu chache tu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakapindukia 25,000. Wote wanakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho huletwa kwa meli na ndege. Ndani ya kreti za nyanya na chini ya magunia husafiri mbegu na mayai ya wadudu, na ingawa ukaguzi wa bandarini upo, hakuna mkaguzi awezaye kupekua kila jani la kabichi. Kwa hiyo wageni wanaweza kuwa na adabu kamili, na utalii wao bado ukawa ndio mlango wa uvamizi. UNESCO ilipoviingiza visiwa hivyo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2007, ilitaja viumbe vamizi pamoja na ongezeko la utalii; vikaondolewa humo mwaka 2010, uamuzi ambao mimi nauona ulikuwa wa haraka.

Vitabu husema: mwondoe mvamizi, asili itarudi. Huko Galápagos mbuzi waliangamizwa katika kisiwa cha Santiago na kaskazini mwa kisiwa cha Isabela, kazi iliyokamilika mwaka 2006, na mimea mingi ya asili ilichipua upya. Lakini huko Santiago kichaka cha kigeni chenye miiba, ambacho mbuzi walikuwa wakikitafuna, nacho kilipata nafasi ya kuenea. Je, hapo tumeokoa au tumebadilisha adui tu? Nadhani tumeokoa, ila siwezi kuapa.

Shaka yangu kubwa zaidi ni fedha, kwa sababu kazi za namna hii hugharamiwa kwa kiasi fulani na watalii haohao. Mwezi Agosti 2024 kiingilio cha wageni wengi wa kigeni Galápagos kilipandishwa kutoka dola 100 hadi dola 200. Wapo wanaoshangilia kwamba wageni watapungua. Huenda, lakini mgeni aliyelipa zaidi hutarajia zaidi mezani, na jibini na divai haviotei juu ya lava.