Je, wajua kwa nini kitabu cha kutibu mawazo huhitaji kalamu?

Nakala niliyoinunua kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya Barabara ya Tom Mboya, Nairobi, ilikuwa na majedwali yaliyojazwa kwa wino wa buluu hadi ukurasa wa 40, na kutoka hapo nafasi zote zilikuwa tupu. Mwenyewe wa kwanza aliendelea kusoma, nadhani, kwa maana pembe za kurasa zilikunjwa hadi sura ya mwisho. Alichoacha ni kuandika, na dawa ilikuwa humo.

Vitabu vya aina hii hutokana na tiba ya utambuzi na tabia, iliyoasisiwa katika miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani. Beck aligundua kuwa wagonjwa wake wa sonona (huzuni nzito inayodumu) walipitiwa na mawazo mafupi ya kujilaumu, yaliyozuka yenyewe na kuaminiwa bila kuhojiwa. Akawafundisha kuyanasa mawazo hayo na kuyadai ushahidi, na kwa kuwa hilo ni zoezi, kama yalivyo mazoezi ya hesabu, liliweza kutiwa kitabuni.

Tuseme karani yumo ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo. Amemtumia mkuu wake ujumbe, alama mbili zimegeuka buluu, na jibu halijaja. Akifika nyumbani anaandika tukio, kisha wazo lenyewe: "Nitaachishwa kazi." Safu ya tatu ni ya hisia na uzito wake: hofu, 80 kwa 100. Ndipo inapokuja safu ngumu, ya ushahidi: Jumatatu mkuu huyo huyo alikaa kimya tangu asubuhi hadi jioni, kisha akampa kazi nyingine. Wazo mbadala halimwambii kwamba mambo ni shwari; linasema tu kwamba kimya hakijathibitisha lolote, na hofu inashuka hadi 45. Kichwani wazo lenye kelele humeza ushahidi, lakini karatasini kila kimoja hukaa kwenye safu yake. (Vingi vya vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini jedwali, kwa maoni yangu, lijazwe kwa lugha ambayo mawazo hukusuta nayo, iwe Kiswahili, Kikamba au Sheng.)

Huko England, tangu mwaka 2013, upo mpango ambao daktari humwelekeza mgonjwa kwenye kitabu cha namna hii, akakiazime katika maktaba ya umma. Kitabu hufaa zaidi sonona na wasiwasi usio mkali. Anayewaza kujidhuru anahitaji hospitali, mara moja, wala si jedwali. Tafiti zimeonyesha pia kwamba msomaji anayefuatiliwa na mtu, hata kwa mazungumzo mafupi ya simu, kwa kawaida hunufaika zaidi kuliko aliyeachiwa kitabu peke yake. Ndiyo sababu, nilipoanza ukurasa wa 41, nilimwomba dada yangu anipigie kila Jumapili jioni aniulize nimejaza majedwali mangapi.