Mzuka wa mchezo: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

"Mzuka unakuja wenyewe, haupangwi."

Hii nimeisikia kwa waendesha baiskeli wa Chumbageni, kwa manahodha wa ngalawa wa Sahare, kwa makipa wanaojifua karibu na uwanja wa Mkwakwani, na sasa nimechoka nayo. Mchezaji akishaamini hivyo, asubuhi ya mashindano anakaa kuusubiri. Asipousikia mwilini anasema leo si siku yangu, na hapo amekwisha kushindwa hata kipenga hakijalia. Mzuka, yaani ile hali ya kuzama mchezoni, mwili ukijiendea, kelele zikipotea, saa nzima ikipita kama dakika, ameugeuza kuwa riziki inayoshushwa kwa mtu fulani siku fulani.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia wa asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, aliichunguza hali hiyo tangu miaka ya 1970 kwa kuwahoji wapanda miamba, wachezaji wa sataranji, wacheza ngoma na madaktari wa upasuaji. Kazi zao hazifanani hata kidogo, lakini walieleza jambo lilelile, na lilitokea palipokuwa na mambo matatu: mtu anajua hasa anachotakiwa kufanya sasa hivi, anapata jibu papo hapo kama amepatia au amekosea, na ugumu wa kazi unalingana na uwezo wake. Ugumu ukizidi anaingiwa na wasiwasi, ukipungua anachoshwa. Ni kweli huwezi kuuamrisha mzuka uje saa nne kamili. Lakini mambo hayo matatu yote yanaandaliwa, na asiyeyaandaa asilalamike.

Mfano ninaoupenda ni wa wapanda farasi, ingawa wengi wetu hapa mashindano yao tunayaona kwenye televisheni tu. Katika mchezo wa kuruka vizuizi, kabla ya kushindana wapandaji wanaruhusiwa kuingia uwanjani kwa miguu, farasi wakibaki nje. Wanatembea kutoka kizuizi hadi kizuizi wakipima kwa hatua zao. Hatua moja ya farasi anayekimbia kwa mwendo wa mchezo huo hukadiriwa kuwa mita 3.6 hivi, kwa hiyo mpandaji anatoka uwanjani akijua hapa farasi atatia hatua tano, pale sita, na kona ile ataikatia wapi. Akishapanda, kila kizuizi kinampa kazi moja iliyo wazi. Akiangusha mti wa kizuizi, ni pointi 4 za adhabu, na jibu amelipata hapohapo. Tena vizuizi vimepangwa kwa madaraja: anayejifunza hapelekwi kwenye urefu wa mita 1.60.

Sasa kijana wa baiskeli anayejiandaa kwa mbio za kwenda Pangani namuuliza: upepo wa kusi utaanza kukupiga usoni ukifika wapi? Hajui. Nahodha namuuliza siku hiyo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na maji yataanza kutoka saa ngapi. Naambiwa tutaona hukohuko. Halafu mzuka usipokuja tunamtafuta mchawi! Nendeni mkaikague njia, kwa miguu inapowezekana, siku moja kabla. Kocha mmoja aliniambia huko ni kupoteza muda wa mazoezi. Sikubaliani naye, wala sitakubaliana naye. Na "kushinda" lisiwe lengo la njiani, maana ukiwa katikati ya kilima kushinda hakukwambii miguu ifanye nini. "Nisiachwe na gurudumu la aliye mbele yangu mpaka darajani" kunakwambia.

"Ukizama vizuri lazima ushinde." Hapana. Mtu anaweza kuzama kabisa, akaendesha kuliko alivyowahi kuendesha, akawa wa nane kwa sababu saba ni wazuri kuliko yeye.

"Mtoto aahidiwe simu ndipo awe na ari." Wazazi, taratibu. Mwaka 1973 huko Marekani watafiti walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye hamu ya kuchora kwa hiari yao ilipungua. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupata shida hiyo. Kama mtoto anapenda mchezo, msimlipie mapenzi yake; zawadi ije baadaye, bila mkataba.

"Hofu ya kiongozi ni siri yake, na kufoka kunawaamsha wachezaji." Nchini Sweden watafiti waliwaambia watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi kwamba mzunguko wa mwisho mwavuli ungefunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia, ambao hakuna aliyewaambia chochote. Utafiti huo ulichapishwa 2009. Ikiwa farasi anaipata hofu ya aliye mgongoni mwake, sioni vipi mabaharia wanne ndani ya ngalawa moja washindwe kuipata ya nahodha, au timu nzima ikose kuipata ya mwalimu anayepiga kelele ukingoni mwa uwanja. Ndiyo maana makocha ninaofanya nao kazi nawaomba dakika kumi kabla ya kuanza wasiseme lolote, isipokuwa mchezaji mwenyewe akiwauliza.