Pawa saplai bora ni ipi? Maana ya ubora na namna ya kuulinganisha

Pawa saplai ni lile sanduku la chuma lenye feni na nyaya nyingi linalokaa pembeni mwa kasha la kompyuta ya mezani. Linapokea umeme wa ukutani, ambao ni mkondo geu wa volti 115 au 230 kutegemea nchi, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya michoro hunywa zaidi ile ya volti 12. Diski na vifaa vya USB hutumia 5. Hakuna kifaa kingine ndani ya kasha kinachogusana na kila kitu namna hii, na bado ndicho watu hukinunua mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki.

Neno la kwanza ambalo mnunuzi hulisoma ni wati. Wati ni kiasi tu, si ubora. Tunaposema pawa saplai hii ni bora kuliko ile, yenye wati zilezile, tunazungumzia mambo ambayo macho hayayaoni: volti zake hazipandi wala kushuka mzigo unapobadilika, umeme unaotoka ni safi, na mambo yakiharibika hujizima yenyewe bila kuondoka na madabodi, yaani ubao mkuu wa saketi za kompyuta. Ukilinganisha kwa kitu kingine nje ya hivyo, kwa mfano rangi ya nyaya au taa za feni, unalinganisha mapambo.

Halafu kuna nishani. Karibu kila boksi siku hizi lina alama ya 80 PLUS, mpango ulioanza Marekani mwaka 2004. Sharti lake la mwanzo lilikuwa fupi: pawa saplai iwe na ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye kompyuta, wa angalau asilimia 80 inapobeba asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo wake. Baadaye zikaongezwa ngazi za shaba, fedha, dhahabu, platini na titani. Kwa umeme wa volti 115 na mzigo wa nusu, shaba inadai asilimia 85, dhahabu 90, titani 94. Maana yake kwa vitendo ni hii: kompyuta ikihitaji wati 400, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 huvuta ukutani wati 471 hivi, na yenye asilimia 90 huvuta 444. Tofauti ni wati kama 27, ambazo katika ile ya kwanza zinageuka joto ndani ya sanduku.

Hapo ndipo nishani inapoishia. Haisemi lolote kuhusu usafi wa umeme, haisemi kama kinga zinafanya kazi, haisemi itadumu miaka mingapi. Tena vipimo vyake hufanywa kwenye nyuzi joto 23, ilhali hewa iliyo ndani ya kasha la kompyuta inayotoka jasho kwenye mchezo mzito huweza kufika 40 na zaidi. Hata hivyo sitaki kuidharau kabisa. Ili kufika dhahabu mtengenezaji hulazimika kuacha miundo ya kizamani, na miundo mipya kwa kawaida huja na volti zilizotulia zaidi. Kwa hiyo nishani ni dalili ya mbali: inakwambia wahandisi walijitahidi mahali fulani. Wapo pia wapimaji wengine, Cybenetics mmojawapo, wanaopima ufanisi katika mamia ya hali tofauti za mzigo badala ya tatu au nne, na kutoa daraja la pili la kelele. Ukikuta daraja lao kwa modeli unayoitaka, lina uzito zaidi.

Tuje kwenye volti zenyewe. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pamoja za kompyuta za mezani na umeme wake, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995 na ambacho kimekuwa kikirekebishwa tangu hapo, kwa muda mrefu kimeruhusu volti kuu ziyumbe kwa asilimia 5 juu au chini. Volti 12 basi inaweza kuwa popote kati ya 11.40 na 12.60. Pawa saplai nzuri haigusi mipaka hiyo. Hubaki ndani ya asilimia 1 au 2 iwe imepumzika au imebebeshwa mzigo wote. Mbovu huanza na 12.2 kompyuta ikiwa kimya na kushuka mpaka 11.5 kadi ya michoro inapoamka.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye muundo. Katika pawa saplai za kizamani, volti 12 na volti 5 husimamiwa na saketi moja inayoziangalia kwa pamoja. Mzigo ukiwa mkubwa kwenye 12 na mdogo kwenye 5, saketi hujaribu kusawazisha: 12 inashuka, 5 inapanda, na hakuna iliyo mahali pake. Muundo huo ulifaa enzi ambazo kompyuta zilikula zaidi volti 5. Leo karibu mzigo wote uko kwenye 12. Pawa saplai za sasa hutengeneza volti 12 peke yake kwanza, kisha vibao vidogo vya ndani huipunguza kuwa 5 na 3.3, kila kimoja kwa usimamizi wake. Mwaka 2013 prosesa za Intel za kizazi cha Haswell ziliufichua udhaifu wa muundo wa zamani: zikiwa katika usingizi mzito zilivuta ampea 0.05 tu kwenye volti 12, na pawa saplai nyingi za mtindo wa zamani hazikuundwa kusimama imara kwa mzigo mdogo kiasi hicho. Ndipo watengenezaji wakaanza kuandika kwenye boksi kwamba bidhaa zao zinaafikiana na Haswell.

Jambo la pili ni usafi. Ndani ya pawa saplai umeme hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kunyooshwa, na unyooshaji huo hauwi kamili. Juu ya volti 12 hubaki viwimbi vidogo vinavyopanda na kushuka. Kiwango cha ATX kinaruhusu viwimbi visivyozidi milivolti 120 kwenye volti 12, na milivolti 50 kwenye 5 na 3.3. Zilizo nzuri hubaki chini ya 40 kwenye 12 hata zikibeba mzigo kamili. Madhara ya viwimbi vikubwa hayaonekani siku hiyohiyo: kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) za madabodi na za kadi ya michoro hupata joto zikijaribu kuvimeza, zinazeeka kabla ya wakati, na kompyuta inaanza kuganda bila sababu inayojulikana. Fundi hubadilisha RAM, hubadilisha diski, husafisha vumbi, na mkosaji amekaa kimya pembeni.

Maltimita, kile kipimo cha volti cha mafundi, haiwezi kuviona viwimbi hivi. Itakuonyesha 12.05 na utaridhika. Kuviona kunahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika, na kunahitaji mashine ya kubebesha mzigo halisi. Ndiyo maana jaribio la kuunganisha pini mbili kwa kipande cha waya ili feni izunguke linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba feni inazunguka.

Kwa kuwa kapasita zimetajwa, tuzikalie kidogo, maana ndizo zinazoamua umri. Kapasita za kioevu huandikwa joto la juu zinaloweza kulivumilia, kwa kawaida nyuzi 85 au 105, pamoja na saa zitakazodumu katika joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapopungua, umri hukaribia kuongezeka mara mbili. Chukua mbili zenye saa 2,000. Ikifanya kazi katika nyuzi 65, ile ya 105 inakadiriwa kufika saa 32,000. Ile ya 85, saa 8,000. Pawa saplai mbili zinaweza kufanana kwa kila kipimo siku ya kwanza na kuachana mbali baada ya miaka minne kwa sababu ya namba hiyo moja. Maneno "kapasita za Kijapani" kwenye boksi yanatokana na sifa za kampuni kama Nippon Chemi-Con, Rubycon na Nichicon, na sifa hizo wanastahili. Lakini soma vizuri. Mara nyingine maneno hayo yanahusu ile kapasita kubwa moja ya upande wa umeme wa ukutani, na zile ndogo za upande wa pili, ambazo ndizo zinazochoka, ni za mtengenezaji usiyemjua.

Ile kapasita kubwa nayo ina kazi yake. Umeme ukikatika kwa kupepesa jicho, chaji iliyomo ndani yake ndiyo inayoishikilia kompyuta. Kiwango kwa miaka mingi kilidai angalau milisekunde 16 au 17 za kushikilia katika mzigo kamili, na kwa umeme wa hezi 50 mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, kwa hiyo utaona jinsi muda wenyewe ulivyo mfinyu. Kapasita kubwa ni ghali, na mtengenezaji anayebana matumizi huanzia hapo. Matokeo ni kompyuta inayojizima hata ikiwa na UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, kwa sababu UPS inachukua milisekunde kadhaa kubadilisha chanzo na pawa saplai haikuweza kusubiri. Kuna pia waya mmoja mwembamba unaoiambia madabodi kwamba umeme uko sawa. Unatakiwa kutoa taarifa kabla volti hazijaanza kuanguka. Katika pawa saplai za ovyo kabisa ishara hiyo imeunganishwa tu na volti 5, yaani haipimi chochote, inasema "sawa" hadi dakika ya mwisho.

Kadi za michoro za miaka ya karibuni zimeongeza mtihani mwingine. Huruka ghafla kuvuta umeme maradufu kwa muda mfupi sana, kisha hurudi. ATX 3.0 ya mwaka 2022 iliandika sharti kuhusu hilo: pawa saplai ya zaidi ya wati 450 yenye plagi mpya ya kadi za michoro ivumilie asilimia 200 ya wati zake kwa mikrosekunde 100 bila kuzima. Anayenunua kwa ajili ya kadi kubwa aanze na swali hilo.

Kinga ni eneo ambalo matangazo hudanganya kwa urahisi kuliko mahali pengine. Boksi litaorodhesha OCP, OVP, UVP, OPP, SCP na OTP, yaani kinga dhidi ya ampea nyingi mno, volti kupanda, volti kushuka, wati kupita kiasi, shoti na joto. Kuandikwa ni jambo moja, kuwekwa mahali panapofaa ni jingine. Mwaka 2021 modeli mbili za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM, zilizua mjadala mkubwa baada ya wapimaji kuziona zikilipuka zinapobebeshwa mzigo uliopita kiasi. Zote mbili zilikuwa na nishani ya dhahabu. Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba imeshusha kizingiti cha OPP kutoka asilimia 120 hadi 150, kikawa asilimia 110 hadi 120, na ikaruhusu baadhi ya zilizouzwa zirudishwe na kubadilishwa. Kinga ilikuwepo kwenye karatasi. Ilikuwa imewekwa juu mno. Ningemshauri yeyote asome sehemu ya kinga katika uchambuzi wa wapimaji kabla ya sehemu ya ufanisi.

Bila vifaa vya maabara bado kuna vitu vya kusoma. Angalia jedwali lililobandikwa ubavuni, tafuta ampea za volti 12, zidisha kwa 12. Pawa saplai ya wati 650 ya siku hizi itaonyesha ampea 54 hivi, ambazo ni wati 648: karibu zote zinapatikana pale zinapohitajika. Ukikuta imeandikwa 650 na volti 12 ina ampea 30, una wati 360 za maana. Nyingine ziko kwenye 5 na 3.3, mahali ambapo hakuna wa kuzitumia. Geuza nyuma. Swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230 huashiria muundo wa zamani, kwani pawa saplai za kisasa zinazopokea volti zote hujirekebisha zenyewe. Uzito ulikuwa kigezo zamani. Siku hizi haunisadikishi, maana miundo mipya hutumia transfoma ndogo.

Jina la kampuni ndilo kigezo kibovu kuliko vyote, nasema hivyo nikijua wengi watabisha. Kampuni nyingi zinazouza pawa saplai hazina kiwanda chake. Hutengenezewa na Seasonic, CWT, FSP, Super Flower, Great Wall na wengineo, na kampuni moja inaweza kuwa na modeli tatu kutoka viwanda vitatu. Jina hilohilo likabeba modeli bora sana na modeli ya kukimbia. Linganisha modeli na modeli, kwa namba yake kamili, pamoja na mwaka wake, kwa sababu zipo zinazobadilishwa ndani huku jina la nje likibaki. Waranti inasaidia: anayetoa miaka 10 amepiga hesabu ya kapasita zake na feni yake.

Neno la nyaya, kwa wanaobadilisha pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa. Toa na nyaya za zamani zote, hata kama zinaingia vizuri kwenye pawa saplai mpya. Upande wa kifaa pini zina mpangilio wa pamoja. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, mara nyingine hata kati ya modeli zake mwenyewe. Waya unaoingia bila tatizo unaweza kupeleka volti 12 mahali panapongoja 5, na diski zako zikaungua zote kwa mara moja.